Unga uacheni nyumbani

Shangazi, mimi ni mwanamke wa miaka 44, naishi Mwanza. Kanisani kwetu tumechangishana kwa miaka miwili, na mwakani, kipindi cha Pasaka, tunakwenda hija Israeli kwa siku tisa. Nitaandamana na mama mkwe wangu, ana miaka 71 na hajawahi kupanda ndege. Waliotutangulia wametutisha. Wanasema walishindia mikate na matango, usiku waliomba maziwa ya chai wakanyimwa, na Jumamosi hawakupata duka wala mgahawa. Wenzangu wanapanga kubeba unga wa sembe, dagaa wakavu na jiko dogo la umeme. Mama mkwe bila chai ya maziwa hali wala halali. Mimi kwa kweli natamani kuonja vyakula vya huko, nisifike mpaka Yerusalemu nikale ugali chumbani. Nifanyeje, na nile nini?

Msafiri, Mwanza

Mwanangu,

Nianze na hilo jiko la umeme, maana ndilo litakalowatia aibu. Liacheni. Kupika chumbani hakuna hoteli itakayokubali. Zaidi ya hapo, hoteli nyingi wanazofikia mahujaji hufuata sheria ya chakula ya Kiyahudi, ile iitwayo kosheri. Jiko la hoteli lina msimamizi wa dini anayekagua kila kinachoingia, na chakula kilichotoka nje hakiruhusiwi kukaa kwenye meza zao. Unga nao uacheni. Nafasi hiyo ndani ya sanduku mtaihitaji siku ya kurudi.

Sasa maziwa. Wenzenu hawakunyimwa kwa roho mbaya. Fungua Kutoka 23:19, utakuta amri ya kutomtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Amri hiyo imo mara tatu katika Torati, na walimu wa Kiyahudi wameipanua mpaka ikagusa jiko zima: nyama na maziwa havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, wala havitumii sufuria moja, sahani moja au kijiko kimoja. Aliyekula nyama husubiri saa kadhaa kabla ya kugusa maziwa, na wengi wao husubiri saa sita. Chakula cha jioni hotelini huwa cha nyama. Kwa hiyo meza ya jioni haina maziwa, haina siagi, haina jibini.

Katika safari yangu ya kwanza tulikuwa na mama mmoja aliyechoka sana jioni ile. Alitoa kopo la maziwa ya unga mkobani akakoroga chai yake pale mezani, kando ya sahani ya kuku. Kijana mhudumu alikuja mbio. Hakugomba. Alichukua kikombe, kisahani na kijiko, akavifunga kwa kitambaa akaondoka navyo, kisha akaleta kikombe kingine. Yule mama alilia, akidhani amefukuzwa mezani. Asubuhi kijana yule yule alimletea jagi zima la maziwa na kumweleza kwamba vyombo vile vya jana vilibidi vitengwe. Laiti angeambiwa tangu Dar es Salaam, asingelala na uchungu ule. Ndiyo maana nakwambia wewe mapema.

Basi mama mkwe mfanyie hivi. Asubuhi atapata maziwa kadiri apendavyo, kwa sababu meza ya asubuhi ni ya maziwa na haina nyama kabisa. Asitegemee chai ya kuchemshwa na tangawizi kama yenu. Atapewa maji ya moto, kifuko cha majani, na maziwa pembeni. Usiku, chai yake ainywe chumbani. Muulizeni kiongozi wa msafara kama vyumba vina birika la umeme, vingi vinalo. Mfungie majani ya chai, maziwa ya unga, tangawizi iliyosagwa na kikombe chake mwenyewe. Hapo hajamkosea mtu, na usingizi ataupata.

Kuhusu mikate na matango, nadhani waliokwambia walikaa mbele ya mojawapo ya meza nzuri za asubuhi duniani wakaona tango tu. Meza hiyo asili yake ni kibbutz, vijiji vya wakulima waliolima kwa ushirika. Watu waliondoka kwenda shambani kabla jua halijawa kali, wakarudi wakaketi pamoja kula walichovuna na kukamua: mayai, jibini, mtindi, zeituni, mboga mbichi. Hoteli zikaiga. Lile tango utalikuta limekatwa vipande vidogo vidogo pamoja na nyanya, likatiwa limau na mafuta ya zeituni. Kwako wewe hiyo ni kachumbari. Usishangae kuila alfajiri. Ichukue pamoja na labane, mtindi mzito uliochujwa maji mpaka ukasimama kijikoni, umwagie mafuta ya zeituni na unyunyize zaatari, majani makavu yenye harufu kali yaliyochanganywa na ufuta. Ukiona kikaango chenye mayai yaliyozama ndani ya rojo la nyanya na pilipili hoho, hiyo ni shakshuka. Imeletwa na Wayahudi wa Afrika Kaskazini, wa Tunisia na Libya. Mama mkwe ataipenda, haina ugeni wowote kwa mtu aliyezoea rosti ya nyanya.

Siku mtakayopelekwa Galilaya ndiyo itakayokugusa wewe mtu wa Mwanza kuliko siku nyingine. Mchana mtaketi karibu na ziwa, Tiberia au upande wa pili, na mtaletewa samaki mzima wa kukaanga, kichwa na mkia, pamoja na chipsi na limau. Wenyeji wanamuuzia mgeni kwa jina la samaki wa Petro, kwa ajili ya ile habari ya Mathayo 17 ambapo Petro aliambiwa atupe ndoana na kufungua kinywa cha samaki, humo angekuta fedha ya kodi. Mtazame kabla hujamla. Pezi la mgongoni lenye miiba, mwili bapa, magamba: ni ndugu wa sato. Waarabu wa huko humwita mushti, maana yake kitana, kwa lile pezi. Yeye na sato wana tabia moja ambayo mvuvi wa kwenu anaijua, hulea mayai na vifaranga vyao kinywani. Nilipoisoma tena ile habari ya Petro nikiwa nimeketi pale, kinywa kile kilikuwa na maana zaidi.

Lakini nikwambie ukweli kama mtu wa nyumbani: sato wako wa Mwanza ni mtamu kuliko yule. Samaki wengi wanaouzwa mikahawani siku hizi hufugwa katika mabwawa, na mpishi anayelisha mabasi sita kwa saa moja huwakausha mno. Mle kwa ajili ya mahali. Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba aliyekaangwa muda ule ule, mkamulie limau, na utumie mkono. Hakuna atakayekushangaa.

Kambale usimtafute kwenye meza ya kosheri. Yumo ziwani, tena wakubwa, ila Walawi 11 inataka samaki awe na mapezi na magamba, na kambale hana magamba. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna kamba wala pweza. Na kama msafara wenu utapita Yafa, mji wa bandari ulioungana na Tel Aviv, kumbuka kwamba ni pale, juu ya dari ya nyumba ya Simoni mtengenezaji wa ngozi, Petro aliona shuka ikishuka na wanyama wa kila aina akaambiwa achinje ale. Ukiisoma Matendo 10 ukiwa umekaa juma zima kwenye meza za nchi ile, ndipo utakapojua Petro aliambiwa jambo zito kiasi gani.

Nije kwenye Jumamosi. Hapa ndipo wageni wengi hulala njaa, na dawa yake ni kujua saa tu. Sabato huanza Ijumaa jua linapotua na kwisha Jumamosi nyota zinapotoka. Upande wa Wayahudi maduka hufungwa tangu Ijumaa alasiri, na Yerusalemu king'ora hulia kutangaza kuingia kwa Sabato. Basi Ijumaa kabla ya saa sita mchana ombeni mpelekwe soko la Mahane Yehuda. Huwa limejaa mpaka watu wanapita kwa mabega, kila mtu ananunua kabla ya kufungwa, wachuuzi wanapiga kelele za bei, na mikate ya hala iliyosukwa kama nywele inatoka tanuri ikiwa bado moto. Nunua mmoja, mumege mkiwa mmesimama. Unatafunika kwa urahisi, mama mkwe hatahitaji kuuchovya.

Jumamosi yenyewe hotelini hakuna moto mpya unaowashwa. Chakula kimepikwa jana yake na kuwekwa juu ya sahani ya joto. Kama kuna chungu kikubwa cha hamini, pakua bila woga: ni maharage, shayiri, viazi, nyama na mayai mazima yaliyolala motoni usiku kucha. Wewe umekulia makande. Hamini ni makande yaliyokosa mahindi yakapata nyama. Wayahudi waliotoka Yemen, ambao wengi wao waliletwa kwa ndege mwaka 1949 na 1950, wana chao cha asubuhi ya Sabato kiitwacho jahnuni: unga unasukumwa mwembamba, unapakwa mafuta, unakunjwa kama tunavyokunja chapati za kuchambuka, halafu unaokwa kwa moto mdogo usiku mzima mpaka unakuwa wa kahawia na mtamu kidogo. Huliwa na nyanya iliyokunwa, yai, na pilipili yao ya kijani yenye majani ya giligilani. Pilipili hiyo ni kali kwelikweli. Mchuuzi yeyote atakayekuuliza "harif?" anakuuliza kama utiwe pilipili.

Ila chakula ninachokipenda kuliko vyote nchini mule kilizaliwa na Sabato hiyo hiyo. Wayahudi wa Iraki, zaidi ya laki moja waliohamia mwaka 1950 na 1951, asubuhi ya Jumamosi walikula biringanya zilizokaangwa Ijumaa, zikiwa baridi, na mayai yaliyochemshwa usiku kucha mpaka yakawa rangi ya udongo. Miaka ya 1960, katika mji wa Ramat Gan kando ya Tel Aviv, walianza kuvitia ndani ya mkate wa pita na kuuza barabarani, navyo vikaitwa sabihi. Simama utazame unavyotengenezwa. Mkate unapasuliwa mdomo, ndani unapakwa humusi, dengu zilizopondwa, vinafuata vipande vya biringanya vilivyolainika, yai linakatwa juu yake, kachumbari, kabichi, rojo la ufuta liitwalo tahina, kisha kijiko cha kitu cha manjano kinachochuruzika mpaka kwenye kiganja.

Hicho cha manjano ni amba. Ni maembe mabichi yaliyotiwa chumvi na kulowekwa na uwatu na manjano. Litamke neno lenyewe taratibu, utasikia embe ndani yake. Inasemekana wafanyabiashara wa Kiyahudi wa Baghdad waliokuwa na maduka Mumbai ndio walioleta achari hii Iraki, na kutoka huko ikaja mpaka Tel Aviv. Bahari ile ile ya Hindi iliyotuletea sisi achari ya embe Mombasa na Unguja ndiyo iliyowapelekea wao. Mara ya kwanza nilipoionja nilikaa kwenye ukingo wa barabara, mchuzi ukinidondokea, nikamkumbuka bibi yangu na mitungi yake juani. Vaa nguo usiyoionea huruma, maana doa la amba halitoki.

Lakini umesema mnakwenda kipindi cha Pasaka, kwa hiyo tazama kalenda ya Pasaka ya Kiyahudi pia. Miaka mingi hukaribiana na yetu. Ikiangukia ndani ya siku zenu, kwa siku saba upande wa Wayahudi hamtaona mkate uliochachuka. Rafu za mikate na tambi madukani hufunikwa, vibanda vya pita hufungwa. Mtapewa matza, mkate mkavu wa unga na maji tu ambao lazima uwe umeiva ndani ya dakika 18 tangu maji yaguse unga, usipate nafasi ya kuumuka. Ni ule wa usiku wa kutoka Misri. Ni mkavu sana, mama mkwe auchovye kwenye supu. Sabihi mtaisubiri mpaka sikukuu ipite, au muile kabla haijaingia.

Mkate wakati huo mtaupata kwa Waarabu, na kwao mwende hata isipokuwa Pasaka. Ndani ya Mji Mkongwe wa Yerusalemu, mtaa wa Waislamu na wa Wakristo, Jumamosi ni siku ya kazi. Pale Lango la Dameski huuzwa kaaki, mkate wa duara mrefu uliojaa ufuta. Mwombe muuzaji zaatari; atakufungia kidogo ndani ya kipande cha gazeti kilichosokotwa, nawe unamega, unachovya, unatembea. Humusi kaile huko asubuhi au mapema mchana, maana maduka mazuri hupika chungu kimoja, na kikiisha wanafunga. Ni dengu kubwa nyeupe zilizochemshwa mpaka zikalegea, zikapondwa na tahina, limau na kitunguu saumu, zikaja mezani zingali na uvuguvugu. Huna haja ya kijiko, unafuta sahani kwa mkate. Falafeli nazo ni dengu, ila hizi hulowekwa tu bila kuchemshwa, husagwa na majani mabichi na kukaangwa. Mtu wa bajia atazielewa papo hapo. Uzile baada ya kutoka mafutani tu; falafeli iliyopoa haina maana.

Jambo hili nakusihi ulishike. Humusi, falafeli, kaaki, zaatari, vyote hivi Waarabu wa nchi ile walivila kabla dola la Israeli halijaundwa mwaka 1948, na Wapalestina huumia vinapoitwa vya Kiisraeli peke yake. Wayahudi waliotoka nchi za Kiarabu nao walikuja na vyakula hivyo kutoka makwao. Wewe ni mgeni, hukuitwa kuamua. Ukila kwa Mpalestina, msifie chakula chake kama chake. Mtakapokwenda Bethlehemu mtakuwa mmeingia Ukingo wa Magharibi, chini ya mamlaka ya Wapalestina, na chakula cha mchana kitakuwa chao. Ombeni makluba, wali uliopikwa na kuku na biringanya kisha sufuria ikapinduliwa juu ya sinia. Mpenda pilau hatabaki na kitu sahanini. Au musakhani, kuku juu ya mkate uliolowa mafuta ya zeituni na vitunguu, na unga mwekundu mchachu wa sumaki. Mkibahatika kupewa mansafu, mtaona nyama ya kondoo imepikwa ndani ya mtindi, jambo ambalo hotelini kwenu lingesimamisha jiko. Kilomita zisizofika kumi, na sheria ya meza imegeuka. Neno la kushukuru pale ni "shukran", nawe unalo tayari. Kwa Wayahudi sema "toda".

Kahawa ya Waarabu ina iliki, kama ya vibarazani pwani, na chai huja na majani ya nana. Upande wa Israeli maji ya bomba yananyweka. Mgahawani acha bakshishi ya asilimia 10 hadi 15.

Kabla ya kulipa nauli, fuatilieni kwa makini hali ya usalama kupitia Wizara ya Mambo ya Nje na wakala wenu, na mkubaliane kwa maandishi pesa zitarudije safari ikiahirishwa. Tangu Oktoba 2023 misafara mingi imeahirishwa, na michango ya miaka miwili si ya kuchezea.

Na ile nafasi ya unga sandukuni, ijaze kwa tende kubwa za medjuli zinazolimwa bonde la Yordani na Araba, na halua ya ufuta. Usitegemee halua yetu ya Unguja yenye kunata. Hii inavunjika kama udongo mkavu halafu inayeyuka ulimini. Sokoni Mahane Yehuda huwekwa vitalu vikubwa kama magurudumu, na muuzaji hukata kipande akupe uonje. Onja mbili tatu, usione haya. Ya kawaida, isiyotiwa chokoleti wala kahawa, ndiyo itakayowafaa wajukuu wa mama mkwe, na ikifungwa vizuri itafika Mwanza salama. Mwache achague yeye. Ukirudi niandikie, uniambie alisema nini kuhusu yule samaki.

Shangazi